Kutunza Kale Si Kupaka Rangi

Waswahili wamesema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii hutajwa zaidi kwa kejeli, pindi mtu anapokimbilia jambo jipya na kulisahau lile lililomlea. Lakini yako mambo ambayo kwayo methali hii si kejeli bali ni onyo, na mojawapo ni utunzaji wa majengo ya kale. Jengo la kale linapochakaa, watu wawili hulijia. Wa kwanza amebeba sururu, wa pili amebeba ndoo ya rangi. Yule wa kwanza tunamkemea. Yule wa pili tunampigia makofi, na pengine tunamwalika mgeni rasmi aje akate utepe. Madai ya makala haya ni kwamba huyo wa pili naye hana budi kuulizwa maswali kabla hajapanda ngazi.

Ushahidi wa madai hayo unatoka mbali, katika hekalu moja la Kibuddha nchini China liitwalo Foguang, yaani Nuru ya Buddha. Hekalu hilo limo wilayani Wutai, katika jimbo la Shanxi, kaskazini mwa nchi hiyo. Limejengwa kwa ngazi juu ya mteremko, limeelekea magharibi, na vilima vimelizunguka pande tatu. Historia yake yaanzia karne ya 5, wakati wa utawala wa Wei ya Kaskazini. Milima ya Wutai, ambayo maana ya jina lake ni vilele vitano, ni miongoni mwa milima minne ambayo Wabuddha wa China huiheshimu kuliko yote. Waumini huitakidi kwamba huko ndiko makao ya Wenshu, mwenye hekima, ambaye wachongaji humwonyesha amepanda simba.

Katika mwaka 840 mtawa mmoja wa Kijapani, jina lake Ennin, alifika Wutai kuhiji, akaandika katika shajara yake desturi aliyoikuta huko. Alisimuliwa kwamba hapo zamani mfadhili mmoja aliandaa karamu ya sadaka, na pamoja na watawa wakaja watu wa kawaida, wanawake kwa wanaume, hata ombaomba. Mfadhili hakufurahi. Miongoni mwa ombaomba hao alikuwamo mwanamke mja mzito, naye aliomba fungu lake na fungu la mtoto aliye tumboni. Mfadhili akamkatalia kwa maneno makali. Mwanamke yule akajibu kwamba ikiwa mwanawe hapati basi naye hali, akaondoka. Na alipovuka mlango wa ukumbi, watu wakamwona amegeuka Wenshu mwenyewe, amepanda simba wa dhahabu, nuru imejaa kote. Tangu siku hiyo, asema Ennin, katika karamu za Wutai chakula kiligawiwa sawa kwa wote, bila ya kuangalia mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo, tajiri au maskini.

Mtu anaweza kuamini au asiamini habari ya simba wa dhahabu. Lililo muhimu ni kwamba hekalu halikuwa kuta na sanamu tu. Lilikuwa mahali ambapo jamii ilijikumbusha namna inavyopaswa kuishi. Kwa hiyo jengo kama hilo linapopotea, hazipotei mbao peke yake.

Na kupotea kulikuwa karibu sana. Miaka 5 tu baada ya ziara ya Ennin, yaani mwaka 845, Mfalme Wuzong wa ukoo wa Tang alitoa amri ya kuivunja nguvu dini ya Kibuddha. Sababu zake hazikuwa za imani tu. Mahekalu yalikuwa na mashamba mengi yasiyolipiwa kodi, na shaba nyingi iliyomwagwa kuwa sanamu na kengele ilhali hazina ya serikali ilihitaji sarafu. Kwa mujibu wa hesabu za serikali ya wakati huo, mahekalu zaidi ya 4,600 yalibomolewa pamoja na vihekalu kiasi cha 40,000, na watawa 260,500, wanaume kwa wanawake, wakarudishwa uraiani kulipa kodi. Foguang nalo likabomolewa. Ukumbi wake mashuhuri wa ghorofa tatu, ambao urefu wake wasemekana ulifikia mita 32, haukubaki.

Mfalme huyo alifariki mwaka 846, na aliyemfuata akaitengua amri. Mwaka 857 ukumbi mpya ukasimamishwa Foguang, nao ndio uliopo mpaka leo, ujulikanao kama Ukumbi wa Mashariki. Una mapana ya mita 34 na kina kinachokaribia mita 18. Paa lake zito la vigae halikukalia kuta. Limebebwa na nguzo, na kati ya nguzo na paa wamepanga mikono ya mbao iliyoshikana, mkono juu ya mkono, ikisukuma ukingo wa paa nje karibu mita 4 ili mvua isifikie nguzo wala ukuta. Mikono hiyo huingiana kwa ndimi na mashimo. Ardhi inapotikisika, hucheza kidogo na kurudi mahali pake. Ndani mna sanamu za udongo zaidi ya 30 za zama hizo hizo za Tang, michoro ya ukutani, na maandishi ya wino. Tangu mwaka 857 hata sasa ni zaidi ya miaka 1,160.

Hebu sasa tuangalie jinsi ulimwengu ulivyokuja kuujua ukumbi huo, maana hapo ndipo penye somo. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Kijapani walikuwa wamekwisha kutamka kwamba China haikubakiwa na jengo lolote la mbao la zama za Tang, na kwamba atakaye kuona ujenzi wa namna hiyo afunge safari hadi Nara, Japani. Hukumu hiyo iliwachoma Wachina wawili, mtu na mkewe: Liang Sicheng, aliyezaliwa mwaka 1901, na Lin Huiyin, aliyezaliwa mwaka 1904. Wote wawili walisoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Lin alitaka kusomea usanifu wa majengo, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke, akaandikishwa katika sanaa. Chuo hicho kilimtunukia shahada ya usanifu mwaka 2024, miaka 69 baada ya kifo chake.

Wawili hao hawakujibu hukumu ya Wajapani kwa hotuba. Walijibu kwa kamba ya kupimia. Pamoja na wenzao wa jumuiya ya utafiti wa ujenzi wa Kichina walizunguka mikoani, wakipima na kuchora mahekalu, madaraja na minara. Mwaka 1932 walilichunguza hekalu la Dule, lililojengwa mwaka 984. Hilo lilikuwa la kale mno, lakini halikuwa la Tang. Kisha Liang akaona picha za pango moja la Dunhuang, magharibi ya mbali, ambamo mchoraji wa kale alichora milima ya Wutai na mahekalu yake, na kando ya hekalu moja akaandika jina: Foguang. Mwezi Juni 1937 wakafunga safari, kwa gari la moshi kwanza na kisha kwa nyumbu.

Waliukuta ukumbi umesimama. Lakini umri haujulikani kwa kutazama tu, lazima uthibitishwe. Wakapanda darini, katika giza na vumbi la karne nyingi, mahali ambapo popo walijipanga kwa maelfu, na wadudu kama kunguni wakawashambulia. Walifunika pua na midomo, wakapima kenchi kwa mwanga wa tochi. Umbo la kenchi hiyo walikuwa wameliona katika michoro ya kale tu. Hata hivyo hawakuwa na tarehe. Ndipo Lin, ambaye macho yake yalikuwa mazuri kwa vitu vya mbali, alipotazama juu akaona chini ya boriti moja dalili hafifu za maandishi.

Hapa yafaa msomaji atulie kidogo. Maandishi hayo hayakusomeka. Je, yaliharibiwa na vita? Hapana. Moto? Hapana. Yalikuwa yamefunikwa kwa rangi. Katika zama fulani mtu mwenye nia njema, akitaka hekalu lipendeze, alizipaka boriti rangi nyekundu ya udongo, na rangi hiyo ikapita juu ya wino. Ilibidi lijengwe jukwaa la miti, boriti zioshwe kwa vitambaa vilivyoloweshwa, na herufi zisomwe wakati mbao zingali mbichi kwa maji, maana zilipokauka zilipotea tena. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Mwishowe likasomeka jina la mfadhili wa ukumbi: mwanamke Ning Gongyu, kutoka mji mkuu. Lin akakumbuka kwamba nje ya mlango ipo nguzo ya mawe yenye maandishi. Wakaenda kuiangalia. Jina lilikuwamo pia, pamoja na mwaka, nao ni mwaka wa 857.

Kulikuwa na jambo jingine. Pembeni mwa jukwaa la sanamu, ndani ya ukumbi, ameketi mwanamke mwenye mavazi ya raia, mtulivu, asiye na taji. Waliokuwa wakilitunza hekalu waliwaambia wageni kuwa huyo ni Malkia Wu, yule mtawala mashuhuri wa Tang. Sivyo. Alikuwa Ning Gongyu mwenyewe, aliyetoa mali yake ili ukumbi ujengwe. Ni kweli kwamba boriti hizo zimetaja pia majina ya wakubwa wa enzi hiyo. Lakini kwa karne nyingi kumbukumbu ya watu ilikuwa imempokonya mwanamke huyu kazi yake na kumpa malkia, kwa sababu ni rahisi kukumbuka majina ya watawala. Elimu ndiyo iliyomrudishia jina lake.

Siku chache baada ya kazi hiyo, tarehe 7 Julai 1937, vita kati ya Japani na China ikaripuka karibu na Beijing. Liang na Lin walikuwa wangali safarini milimani, na habari iliwafikia baadaye. Walikimbilia kusini-magharibi. Lin aliugua kifua kikuu, na dawa zilikuwa haba. Pamoja na hayo, taarifa ya Foguang iliandikwa, na mwaka 1944 ikatolewa katika jarida la jumuiya yao, lililotayarishwa kwa mkono kijijini kwa sababu mitambo ya kupiga chapa haikupatikana. Hapo hazina kubwa kuliko zote za ujenzi wa mbao wa China ilikuwa imehifadhiwa katika karatasi duni.

Sasa tuulize swali ambalo Liang mwenyewe alilifikiria: kwa nini Foguang lilibaki, na majirani wake hawakubaki? Katikati ya vilele vya Wutai yamo mahekalu tajiri na mashuhuri, yanayofikiwa na mahujaji wengi. Sadaka zilipojaa, watawa waliyajenga upya, tena na tena, kila zama kwa mtindo wake. Ya kale yakafunikwa na mapya. Foguang lilikuwa pembeni, nje ya vilele. Wageni walikuwa wachache na sadaka haba, hivyo hapakuwa na fedha ya kulibomoa ili kulipendezesha. Ukumbi wa hekalu la Nanchan, katika wilaya hiyo hiyo, una sifa kama hizo: ni mdogo, wa kijijini, ulijengwa mwaka 782, nao haukutambuliwa na wataalamu mpaka mwaka 1953. Huo ndio ukumbi wa mbao wa kale kuliko yote ya China ambayo umri wake umethibitishwa. Ni jambo la kusikitisha kulikiri, lakini majengo hayo mawili yaliokolewa na umaskini wake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba majengo ya kale yaachwe yavuje. Umaskini ni mlinzi asiyetegemewa. Mvua kubwa za Oktoba 2021 katika jimbo hilo la Shanxi ziliathiri majengo na maeneo ya kale zaidi ya 1,700, na kila paa lililoachwa bila kukaguliwa ni mwaliko kwa mvua nyingine. Ninalosema ni kwamba fedha bila elimu yaweza kuharibu kwa mwaka mmoja kile ambacho ufukara ulikitunza kwa miaka elfu. Liang alikwisha kupambanua jambo hili tangu mwaka 1932, alipoandika juu ya Dule. Alisema kuna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kulinda: kuziba paa, kuegemeza nguzo, kuzuia maji. Hiyo ni ya haraka. Ya pili ni kurudisha jengo katika umbo lake la awali, nayo haifai kuanzwa mpaka pawe na uhakika umbo hilo lilikuwaje. Wengi wetu huigeuza: tunaanza na la pili bila ya uhakika, na la kwanza tunalisahau.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye njaa ya shule na zahanati haina nafasi ya kuhangaikia boriti kuukuu. Hoja hii ina uzito, na haifai kujibiwa kwa dharau. Hata Liang alikutana nayo. Mwaka 1950 yeye na mwenzake Chen Zhanxiang walipendekeza ofisi mpya za serikali zijengwe magharibi mwa mji wa kale wa Beijing, ili mji huo na kuta zake ubaki. Walikataliwa kwa hoja za gharama na za maendeleo, na kuta hizo zikabomolewa katika miaka ya 1950 na 1960. Leo vipande vilivyosalia vinalindwa, na lango moja la kale, Yongdingmen, limejengwa upya mwaka 2004. Kwa hiyo gharama iliyokwepwa ililipwa baadaye, na kilichopatikana ni mfano wa lango, si lango lenyewe. Foguang, kwa upande wake, liliwekwa mwaka 1961 katika orodha ya kwanza ya taifa ya urithi unaolindwa, na mwaka 2009 Milima ya Wutai, pamoja na Ukumbi wa Mashariki, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia.

Aidha, wanaodhani kwamba kutunza kale ni anasa husahau kwamba hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Liang na Lin walikuwa na kamba, kalamu, kamera na subira. Kupima, kuchora na kuandika ni kazi ambayo mwalimu na wanafunzi wake wanaiweza. Na hakuna mtumishi wa serikali anayeshindwa kuuliza, kabla ya kutia sahihi idhini ya ukarabati: Je, jengo hili limepimwa? Picha zake ziko wapi? Chini ya plasta hii pana nini? Fundi atatumia nini, na kwa nini?

Maswali hayo yanatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Wakati mafundi wa Foguang walipokuwa wakiinua boriti zao katika karne ya 9, vyombo vya udongo kutoka China hiyo hiyo ya zama za Tang vilikuwa vikifika kwetu kwa jahazi na kwa mkono wa wafanyabiashara wengi. Vipande vyake vimefukuliwa Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na hayakutolewa humo mpaka mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuyahami. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi mwenye nia njema akiziba ufa wake kwa saruji ngumu, ufa huo hupendeza macho kwa muda. Lakini saruji huufungia unyevu ndani, na jiwe la kale likaanza kumomonyoka pembeni mwake. Hiyo ni ndoo ya rangi kwa sura nyingine.

Basi usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu umechakaa, na unastahili kushonwa. Lakini ashonaye na ajue ulifumwaje. Wino ulioandika jina la Ning Gongyu ulidumu miaka 1,080 ukingojea mtu wa kuusoma. Ulikutwa kwa sababu rangi iliyoufunika ilikuwa hafifu, na kwa sababu alitokea mwanamke mmoja mgonjwa wa kifua aliyetazama juu na kutoridhika na alichoambiwa. Kama yule mpaka rangi angekuwa na ndoo ya pili, Ning Gongyu angeendelea kuitwa malkia, na ukumbi wake ungehesabiwa kuwa jengo lisilo na umri. Ni vyema tuikumbuke boriti hiyo kila tunapokabidhi ndoo kwa fundi.